Tupime Maji ya Chini Kabla ya Kuchimba Kisima

Tuko Bukima. Hapa ni Majita, katika wilaya ya Musoma, karibu na Ziwa Victoria. Tunalima mihogo, mtama na pamba. Ziwa tunalo, lakini maji yake si salama kunywa bila kuyachemsha. Kwa hiyo tunataka visima. Je, tutajuaje mahali penye maji ya kutosha?

Twende safari fupi. Tutoke Bukima mpaka Musoma, kisha tushike barabara ya Tarime. Tukifika daraja la Kirumi, tusimame. Chini yetu unapita Mto Mara. Kandokando kuna mafunjo mengi. Hata wakati wa kiangazi mto huu una maji. Yanatoka wapi?

Mto Mara unaanzia milima ya Mau, nchini Kenya. Mito miwili, Nyangores na Amala, hukutana na kuwa Mara. Urefu wa mto ni karibu kilomita 400. Huko milimani mvua ni nyingi. Maji mengine hutelemka juu ya ardhi na kwenda zake. Mengine huzama udongoni, hasa penye miti na majani. Hayo yaliyozama hutoka polepole katika chemchemi. Ndiyo yanayoulisha mto wakati wa kiangazi.

Basi ardhi ni kama ghala. Mvua hutia. Chemchemi na visima hutoa.

Visima vya Bukima havipati maji ya Mau. Sisi tuna ghala letu, na hujazwa na mvua yetu. Lakini mwamba wetu ni mgumu. Maji hukaa katika nyufa zake, na katika mawe yaliyooza juu yake. Ndiyo maana kisima kimoja huwa na maji, na kingine cha jirani huwa kikavu.

Mimi nilikosea

Mimi ni Bwana Shamba. Miaka ya nyuma, katika kijiji kimoja, nilichagua mahali pa kuchimba kisima. Ilikuwa Mei, mwisho wa masika. Watu walichimba kwa jembe na sururu. Maji yalionekana, tukafurahi. Septemba kisima kilikauka. Akina mama walirudi kuchota maji mbali. Mama mmoja aliniambia, "Bwana Shamba, wewe ulipima mvua. Hukupima maji." Nilinyamaza, kwa sababu alisema kweli.

Namna ya kupima

Chukua kamba. Funga jiwe safi mwishoni. Funga fundo kila nusu mita. Alfajiri, kabla watu hawajachota, teremsha kamba kisimani mpaka jiwe lifike chini. Vuta kamba. Hesabu mafundo yaliyolowa. Andika katika daftari tarehe na kina cha maji. Pima kila mwezi. Kipimo cha mwisho wa kiangazi ndicho muhimu kuliko vyote.

Tufanye hesabu. Kisima chenye upana wa mita 1, na maji ya kina cha mita 1, kina lita 785. Hayo ni madebe 39 hivi. Familia saba zikichota madebe matano kila moja, yamechotwa madebe 35. Je, kesho asubuhi maji yatakuwa yamerudi? Pima tena. Yakirudi yote, ghala linatosha. Yasiporudi, mnachota kuliko kinachoingia.

Kisima kirefu kinahitaji wataalamu. Wao hupitisha umeme ardhini, kwa sababu mwamba wenye maji hupitisha umeme vizuri kuliko mwamba mkavu. Wakishachimba, huvuta maji kwa pampu saa nyingi, wakipima yanavyoshuka na yanavyorudi. Viongozi wa kijiji waonane na RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanzishwa mwaka 2019. Wapelekeeni daftari lenu. Litawasaidia sana.

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Usingoje mtu mwingine aandike habari za kisima chako. Kamba unayo. Daftari unalo. Anza mwezi huu. Kijiji kikikutana kuamua mahali pa kuchimba, simama, fungua daftari, uwasomee.