Kasoro Sita, Mizizi Mitatu

Mwaka 1988, nchi yetu ya Kongo ikiitwa Zaire, watoto wa Mabalako, mashariki mwa nchi, walisomeshwa na kahawa ya robusta. Wazazi waliivuna katika mashamba yaliyofyekwa pembezoni mwa msitu, wakaianika uani, kisha wakasubiri gari. Wanunuzi walikaa Beni na Butembo. Kutoka kwao mzigo ulishuka Kasindi, ukavuka mpaka kuingia Uganda na kuelekea bandari ya Mombasa. Safari hiyo yote ilianzia kwenye kipande cha barabara ya udongo kinachopita Mangina hadi Beni, na kwenye kipande hicho watu wengi wa upande wetu walitegemea pikapu moja ya Kijapani, dizeli ya silinda sita, iliyokwisha kutembea zaidi ya kilomita 400,000.

Pikapu hiyo haikubeba kahawa peke yake. Juu ya magunia walikaa akina mama wenye ndizi za kuuza, wanafunzi waliorudi shuleni, na mara nyingine mgonjwa aliyelazwa kwenye kitanda cha miti. Kwa hiyo iliposimama katikati ya msimu, mvua za Oktoba zikinyesha kila alasiri, kahawa iliyokuwa imefungwa kwenye magunia ilianza kupata unyevu na kuota ukungu. Mwenye gari alituma ujumbe Butembo kwa fundi wangu. Nilikuwa kijana, bado najifunza kazi, na fundi alinichukua nimbebee sanduku la spana.

Tulimkuta mwenye gari amekata tamaa. Akatuhesabia kasoro sita. Asubuhi haiwaki mpaka isukumwe. Ikiwaka, huzimika njiani bila onyo. Maji ya rejeta yanachemka kabla ya kufika Mangina. Betri haikai na moto, ingawa amenunua mpya. Kanyagio la breki limekuwa gumu, mteremkoni dereva analazimika kulisimamia kwa miguu miwili. Na mlimani inatoa moshi mweusi, nguvu imekwisha.

Mafundi waliopita walikuwa wamekwisha kutoa hukumu. Kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua, kwamba pampu ya nozeli imekufa, na kwamba lazima ifunguliwe ipelekwe Kampala. Mwenye gari alikuwa ameanza kutafuta mnunuzi wa kiwanja chake cha Beni ili apate fedha.

Fundi wangu alimwambia, “Papa, usiuze kitu kwanza. Niitie dereva.”

Dereva alikuwa kijana mpole ambaye hakuna fundi aliyewahi kumwuliza lolote. Walikaa kwenye kivuli cha mwembe, na maswali yakawa ya taratibu: huzimika wapi, baada ya muda gani, ukingoja kidogo inawaka tena? Katika maelezo yake dereva akasema jambo lililomfanya fundi ainue kichwa. “Papa, nikiilaza pua chini, asubuhi inawaka. Nikiilaza pua juu, inakataa kabisa.”

Kwa mtu anayeijua dizeli, hapo kuna habari nzima. Tangi la pikapu liko nyuma. Gari likielekezwa pua juu, tangi linakuwa chini ya injini, na kama mpira wa mafuta una ufa mahali fulani, usiku hewa inaingia na mafuta yanarudi tangini. Asubuhi pampu inavuta hewa. Likielekezwa pua chini, mafuta yanabaki mbele. Pampu iliyokufa haijali gari limelala upande gani.

Fundi hakuridhika na maneno matupu, alitaka kuona. Tulifunga bidoni dogo la mazutu safi, yaani dizeli, juu ya boneti, juu kuliko injini, tukapeleka mpira wake moja kwa moja kwenye filta, tukaliacha tangi kando. Tukatoa hewa kwa pampu ya mkono, dereva akapiga stata. Injini ilishika, ikanguruma sawasawa, na haikuzima. Pampu iliyohukumiwa kupelekwa Kampala ilikuwa nzima.

Kisha akarudisha mafuta ya tangi, safari hii akiunga katikati kipande cha mpira mweupe unaopitisha mwanga, ule wanaotumia wauza mafuta wa barabarani kufyonzea. Akaniita nitazame. Mafuta yalipita na mapovu madogo, moja nyuma ya lingine, yasiyoisha. Tulifuata bomba hadi chini ya bodi, tukakuta mpira wa zamani umepasuka chini ya kibano. Tulipofungua kizibo cha chini cha tangi na kukinga katika chupa ya glasi, baada ya kutulia maji yalijitenga chini na mazutu yakakaa juu, na kutu ikalala kwenye kitako. Mafuta ya wakati ule yalifika kwetu ndani ya madramu, yakimiminwa kutoka dramu hadi dramu, na kila mkono uliyagusa kabla ya kuingia tangini. Kutu na maji vilikuwa vinaziba njia ya mafuta. Gari likizimika, uchafu ulishuka, likawaka tena. Mzizi wa kwanza ulikuwa umeonekana, nao ulibeba kasoro mbili.

Mwenye gari alitaka twende haraka kwenye gasketi, maana alikwisha kuinunua. Fundi alikataa. Alijaza rejeta, akaacha mfuniko wazi, injini ikiwa baridi akaiwasha na kutazama shingoni mwa rejeta. Hakuna povu. Akavuta kijiti cha oili: nyeusi, bila utando wa rangi ya maziwa. “Gasketi hii haijaungua,” akasema. “Tutafute kwa nini maji hayapoi.”

Hapo ndipo nilipojifunza kazi yangu. Mkanda wa feni ukiubonyeza kwa kidole, gari limezimwa, ulikuwa umekaza. Kila fundi aliubonyeza na kuondoka. Wangu alimwambia dereva awashe na kuongeza mafuta, yeye akainama pembeni na tochi. Dinamo ilikuwa inainama. Mkono wa chuma unaoishikilia ulikuwa umepasuka karibu na bolti, na ufa huo ulifunikwa na oili na tope. Injini ikitulia, dinamo ilirudi mahali pake. Ikipewa kazi, ilisogea na mkanda ukateleza.

Mkanda ule ndio unaozungusha feni na pampu ya maji, kwa hiyo maji yalichemka. Ndio unaozungusha dinamo, kwa hiyo betri haikujaa, na asubuhi plagi za kupashia moto hazikupata nguvu ya kutosha. Na katika dizeli nyingi za Kijapani za enzi hizo, pampu inayofyonza hewa kusaidia breki imefungwa nyuma ya dinamo hiyohiyo. Dinamo ikilegea, mguu wa dereva unabaki peke yake. Kipande kimoja cha chuma kilikuwa kinachemsha maji, kinaua betri, na kinawaweka hatarini watu waliokaa juu ya magunia kila walipoteremka kwenye mto. Betri mpya haikuwa na kosa, na gasketi mpya isingesaidia kitu.

Mkono ule ulipelekwa Beni kuchomelewa. Uliporudi, tukaufunga, tukaweka mpira mpya, tukasafisha tangi na kubadilisha filta. Fundi alijaribu baada ya kila kazi, kabla ya kugusa nyingine. Ulipobaki moshi mweusi tu, ilikuwa rahisi kuujua: filta ya hewa ilikuwa imeziba kwa vumbi la kiangazi na unyevu wa mvua, injini inapewa mafuta bila pumzi. Huo ndio ulikuwa mzizi wa tatu. Kiwanja cha Beni hakikuuzwa, na kahawa ilisafiri.

Mengi yamepita. Julai 1989 mkataba wa kimataifa wa kahawa ulivunjika na bei ikaanguka. Baadaye ugonjwa wa mnyauko ukaua mibuni, watu wakahamia kakao. Pikapu yenyewe ilichukuliwa na watu wenye silaha katika vita vya 1996, haikuonekana tena. Agosti 1, 2018 Ebola ilipotangazwa, dunia nzima ilisikia jina la Mabalako, na wiki iliyofuata chanjo ilianza kutolewa Mangina, chanjo inayotakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri. Magari yalipita usiku na mchana kwenye barabara yetu ileile ya udongo. Baadhi ya vijana walioyatengeneza nilikuwa nimewafundisha mimi, na niliwarudia maneno niliyorithi: muulize dereva, jaribu kabla ya kufungua, gusa kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Hata leo, ingawa vifaa vya kusoma kompyuta za magari vimefika Butembo, sijaona sababu ya kubadilisha maneno hayo. Kwetu spea ni ada ya mtoto, ni shamba, ni dawa. Fundi anayebadilisha vitu vitano kwa mkupuo anaweza kuliwasha gari, lakini hawezi kumweleza dereva liliharibika kwa nini, na dereva ndiye anayeteremka nalo mlima akiwa na watu.