Mkate wa Kumimina wa Idi ya Mwamgongo

Mwaka 1983 sukari haikupatikana Mwamgongo mpaka mtu apande mtumbwi aifuate Kigoma mjini, na huko nako ilikuwa bahati. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha miaka minne nyuma, lakini maduka ya nchi nzima yalikuwa bado matupu: sabuni hakuna, khanga hakuna, mafuta ya kupikia hakuna. Ndio mwaka ambao Sokoine, akiwa Waziri Mkuu, aliendesha ule msako wa wahujumu uchumi. Katika mwaka kama huo mama mdogo aliamua kwamba Idi haitapita bila mkate wa kumimina.

Alikuwa mtu wa Ujiji, ameolewa na baba mdogo. Kwao Ujiji mapishi ya pwani yalikuwa mali ya kila nyumba. Yalifika zamani kwa miguu, na misafara iliyotoka Bagamoyo kufuata pembe na watumwa, na hayakuondoka tena. Mwamgongo ni kwingine. Kijiji kimebanwa kati ya ziwa na milima, hifadhi ya Gombe iko kusini, mpaka wa Burundi hauko mbali kaskazini, na barabara haikuwapo. Tulikula ugali wa muhogo, dagaa, migebuka ikipatikana, maharage yaliyoungwa kwa mawese. Kitu kitamu kilikuwa ndizi mbivu au muwa. Mama mdogo alilisikitikia jambo hilo waziwazi. Alisema mtoto asiyeujua mkate wa kumimina amenyimwa kitu, na mimi, nikiwa darasa la tatu, nilimwamini kabisa.

Sukari aliikusanya kidogo kidogo tangu kabla ya mfungo, kwenye kopo la maziwa ya unga, akalifungia sandukuni pamoja na hiliki. Nazi zilitoka Dar es Salaam kwa treni hadi Kigoma, zikavuka kwa mtumbwi zikiwa zimefunikwa kwa turubai. Mojawapo ilipovunjwa ilitoa maji machungu, ikatupwa. Zilizobaki zilitosha tui zito, ila kwa shida.

Usiku wa kuamkia Idi aliloweka mchele. Mwezi ulikuwa umeandama, kwa hiyo giza lilikuwa nene, na giza ndilo wavuvi wa dagaa wanalolitaka: karabai huvuta samaki pale tu ambapo mbalamwezi haishindani nayo. Idi yetu ya kumaliza mfungo siku zote iliangukia siku za uvuvi mzuri, na wanaume wengi walisali asubuhi huku macho mekundu kwa kukesha ziwani.

Alfajiri tulitwanga mchele kwenye kinu, tukachekecha, tukarudia chenga. Akakoroga na tui, hamira na hiliki, akafunika kwa kitambaa, akaweka mahali penye joto. Uji ule uliumuka vizuri mno. Ulipanda ukafanya mapovu, harufu ikajaa ua mzima, na majirani wakaanza kuchungulia. Hapo ndipo alipotia sukari na ute wa yai alioupiga kwa uma.

Samli ya kupaka sufuria haikuwapo. Bibi mzaa baba, aliyekuwa amekaa mkekani akitazama, akasema, "Mwanangu, mawese si yapo?" Mama mdogo alisita. Mkate wa kumimina sifa yake ni weupe. Lakini uji ukishaumuka hausubiri mtu, ukichelewa unashuka. Akapaka mawese.

Kilichouharibu mkate hakikuwa mawese, ni moto. Mkate huu unataka makaa ya wastani chini, na uso ukianza kutoboka matundu unafunikwa na kupaliwa makaa juu ya mfuniko, ili uive pande mbili. Sisi makaa ya miti tulikuwa nayo machache, kwa kuwa milima ya nyuma ya kijiji ilikuwa imeanza kubaki uchi na kuni zilifuatwa mbali. Tulichokuwa nacho kwa wingi ni vifuu na makapi ya ngazi za michikichi. Vitu hivi vimeshiba mafuta. Vinawaka kwa hasira, na upepo wa kusi wa mwezi wa saba ukivipata havizuiliki. Mama mdogo alipalia juu kama alivyofundishwa kwao. Mapema mno tukasikia harufu ya kuungua.

Alipofunua, uso ulikuwa mweusi umepasuka. Aliingiza kijiti katikati, kikatoka na uji. Chini, kwenye mawese, palishika rangi ya dhahabu iliyoiva. Alisimama na mfuniko mkononi, moshi ukimpiga usoni, asifute machozi. Hakuna aliyecheka. Wanawake wa ua wetu walijua thamani ya kopo lile la sukari, na walijua pia mtu anavyojisikia kuwaandalia watu kitu cha kwao, kisha kikamgomea mbele yao. Mpaka leo naona haya kwa niaba ya yeyote anayesema mpishi ndiye mwenye kosa siku zote. Mapishi yale yaliundwa kwa makaa ya mti mgumu na ua usio na upepo.

Bibi ndiye aliyeinuka. Akakwangua weusi kwa kisu, akachota uji wa katikati kwenye bakuli, akaweka kikaango na mawese kidogo, akaanza kumimina vijiko vijiko. Uji wa mkate wa kumimina na wa vitumbua ni ndugu. Vilitoka vyekundu pembeni, laini ndani, vinanukia hiliki. Ile sehemu ya chini iliyoiva ilikatwa vipande vidogo, kila nyumba ikapata. Wavuvi walioamka mchana walikula vitumbua vyote na chai ya tangawizi isiyo na sukari, kwani sukari yote ilikuwa tayari mle ndani.

Mwaka uliofuata mama mdogo aliagiza makaa ya mwembe kutoka kwao Ujiji, akapikia nyuma ya nyumba palipokingwa na upepo, na samli aliipata. Mkate ukatoka mrefu, mweupe, matundu yamejipanga. Bibi alipokea kipande chake, akakigeuza akatazama chini, akauliza mawese yako wapi.