Mahari iliyokwenda kulipa ada

Leo tunaliacha piko na singo pembeni kidogo, tuzungumze kusoma. Si kusoma kwa jumla, maana hilo hapa Unguja hakuna tena anayelipinga kwa sauti. Tunasema kusoma baada ya digrii ya kwanza, tena somo la hesabu, tena kwa binti ambaye posa yake imeshapokelewa.

Sisi ni wawili, mama zetu ni ndugu. Tulivuka pamoja kwenda kusoma shahada ya uzamili ya takwimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, tukakaa Magomeni kwa mama mdogo. Tulipoondoka, mmoja wetu alikuwa mchumba wa mtu. Mwenzake hakuwa na wa kumuuliza, na hilo nalo lina maneno yake, tutafika.

Wengi wakisikia takwimu wanadhani ni kuhesabu watu. Kuhesabu ni mlango tu. Ndani kuna nadharia ya uwezekano, kuna namna ya kuchagua sampuli, kuna regresheni, kuna kusoma mabadiliko ya jambo mwaka hadi mwaka. Anayeonja mchuzi kwa kijiko kimoja ameshachukua sampuli. Sharti awe amekoroga kwanza. Muhula wa kwanza ulitutoa jasho, kwa sababu kalkulasi na matriki tulikuwa hatujazishika muda mrefu.

Kilichotutuliza ni kitu tulichokisoma madrasa tukiwa na miaka kumi na kitu, tumeinamisha vichwa kwa haya. Mnakumbuka mlango wa hedhi kwenye Safina? Kidogo chake mchana na usiku mmoja, ghalibu yake siku 6 au 7, kingi chake siku 15. Tulikariri tu. Darasani Mlimani tukatazamana: hiki si kima cha chini, modi na kima cha juu? Na ghalibu si wastani, jamani. Ni lile linalotokea kwa wengi, ndiyo modi yenyewe. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wanasema mipaka hiyo ilipatikana kwa istiqraa, yaani kufuatilia hali za wanawake wenyewe na kuyakusanya waliyoyaeleza. Imamu Shafi alifariki mwaka 204 wa Hijria. Tangu siku ile somo halikutuonekea tena kama kitu cha kigeni tulichokwenda kukiazima.

(La kuchekesha: kipimo cha t, ambacho hakuna tasnifu inayokikwepa, alikitoa mwaka 1908 William Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha pombe Dublin, akaficha jina lake na kujiita "Student". Mama mdogo alipoambiwa alisema astaghfirullah, kisha akauliza kama mtihani wake ni mgumu.)

Sasa maneno ya watu. Yule asiye na mchumba aliambiwa kila akija likizo: wanaume wachache, wewe unakusanya vyeti. Na hoja ililetwa na takwimu, ndiyo uchungu wake! Sensa ya 2022 ilihesabu Zanzibar wanawake 974,281 na wanaume 915,492. Basi mashangazi wakaona 58,789 wamezidi, watakosa waume. Tukawaambia, shangazi, humo mna vichanga na mabibi wa miaka 90. Ukitaka kujua habari za waume, tazama rika kwa rika, na ujue nani yumo kwenye ndoa na nani hayumo. Jumla peke yake haimwozi mtu wala haimnyimi. Hawakuridhika sana, lakini namba ile hawakuirudia.

La mchumba lilikuwa zito zaidi. Ada ya mwaka wa pili haikuwepo. Kwetu mnajua mahari yanavyokwenda: kitanda, kabati, meza ya kujipambia, watu waje waone. Bibi harusi akasema mahari yake ayapokee taslimu, na aende nayo chuoni. Bwana harusi alikubali siku ileile. Mama yake hakukubali. Akauliza mwanawe anaoa au anasomesha, na atawaonyesha nini wageni siku ya kutazama chumba. Wiki tatu nyumba mbili hazikupelekeana hata salamu, na sisi Magomeni tulikuwa tunafanya mazoezi ya regresheni huku simu iko mapajani, tukingoja kusikia kwamba posa imerudishwa.

Aliyeliokoa ni babu wa upande wa mume. Aliuliza swali moja tu: mahari ni ya nani? Hakuna aliyeweza kujibu kwamba ni ya baba, ya mama mkwe au ya wageni. Sharti la kumaliza masomo nalo likasemwa palepale, kabla ya akdi, wazazi wa pande zote wakisikia. Kuhusu masharti ya ndoa wanazuoni wana ufafanuzi wao, kila mmoja amuulize sheikh wake. Sisi tunachoshuhudia ni kwamba neno lililosemwa mapema halikuleta ugomvi baadaye.

Harusi ikafanywa katikati ya mihula, siku tisa tu, hina haijafifia bibi harusi yuko maktaba. Chumba kilikuwa na godoro chini na kabati la kuazima. Wapo jamaa ambao mpaka leo hawajaja kutazama.

Kwa mnaofikiria: rudieni kalkulasi na matriki miezi mitatu kabla ya kufungua. Jifunzeni programu ya R, ni bure kabisa na inafanya kazi hata kwenye laptopu ya zamani. Ukitaka kutumia data za hapa nyumbani, omba mapema kwa Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar, usingoje mwezi wa tasnifu. Na kabla ya kutaja tarehe ya harusi, chukua kalenda ya chuo na ya Hijria uziweke pamoja, maana mitihani ikiangukia kumi la mwisho la Ramadhani utajuta kuwa na fundi wa nguo anayekungoja.

Tasnifu moja imeshakabidhiwa, alhamdulillah. Ya pili iko sura ya nne. Mama mkwe alipiga Ijumaa iliyopita kuuliza kama regresheni imekubali.