Mwandishi Aliyetuachia Kalamu

Shuleni kwetu, msichana aliyenyoosha kidole darasani mara mbili alikuwa anajitafutia jina. Wavulana waliguna, na mwalimu naye akacheka. Basi tukanyamaza. Wachache tulifaulu kimyakimya, wengi wakafeli kimyakimya.

Mwishoni mwa miaka ya tisini Tuseme ikatufikia. Mradi huo wa kuwapa wasichana sauti kupitia maigizo ulianzishwa mwaka 1996 na Penina Mlama na Amandina Lihamba, wahadhiri wa sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mlama nilimfahamu kwa jina la zamani tu, Penina Muhando, lile la kwenye jalada la tamthilia ya Hatia.

Hatukupewa igizo la kukariri. Tuliulizwa nini kinatukwamisha, tukaulizwa kwa nini, tukaulizwa tena kwa nini, hadi tukafika tusikotaka kufika. Ndipo tukatunga wenyewe.

Siku ya onyesho bwalo lilifurika. Mwenzetu wa kidato cha tatu, mwembamba kama ufito, alivaa koti la kuazima, akajaza kanga tumboni, akawa mwalimu.

“We binti, kusanya madaftari, uniletee nyumbani. Jioni.”

Walimu walilicheka lile tumbo, kisha kicheko kikakatika upande mmoja wa meza kuu. Mjadala uliofuata ulikuwa wa moto. Matroni, ambaye hatukuwahi kumdhania, alisimama akasema kuanzia kesho madaftari yanapelekwa ofisini, mchana, na si kwingineko. Ikawa hivyo.

Nilipofika Mlimani, kwenye chuo kikuu hicho, nikakuta bado zinasimuliwa habari za Punch, zile karatasi zisizo na jina la mwandishi zilizobandikwa ukutani kuwadhalilisha wanafunzi, hasa wa kike. Mwaka 1990 mwanafunzi mmoja alijiua baada ya kuandamwa, na TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, wakalivalia njuga suala hilo. Siwezi kuamini (haya ni yangu) kwamba Tuseme kuzaliwa chuo hichohicho ni sadfa tu.

Baadaye Mlama aliongoza FAWE, jukwaa la wanawake waelimishaji wa Afrika, huko Nairobi, na Tuseme ikavuka mipaka ikaingia nchi nyingi za Afrika. Aliporejea Dar es Salaam alikabidhiwa Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha taaluma za Umajumui wa Afrika, kilichoshikwa kabla yake na Issa Shivji. Wanaomsifu huanzia kwenye vyeo hivyo, na anavistahili. Mimi naona kazi ngumu zaidi ilikuwa ile ya mtunzi wa Nguzo Mama kuziacha tamthilia zake kabatini, akawaachia wasichana wa sekondari watunge zao.