Wasiorudi Dyfi

Katika bonde la mto Dyfi, huko Wales, kuna mlingoti mrefu wenye jukwaa juu yake, na juu ya jukwaa rundo la matawi makavu. Ni kiota cha furukombe, ndege mbuai anayeishi kwa samaki. Mwaka 2011 dume aliyeitwa Monty na jike aliyeitwa Nora walilea makinda watatu hapo. Tangu hapo, kila ifikapo mwisho wa Machi, watu wengi huketi mbele ya skrini kutazama kiota kitupu kupitia kamera, wakingoja.

Wanandoa hawa hawasafiri pamoja. Jike hutangulia kuondoka. Dume hubaki kuwalisha makinda mpaka wajiweze, kisha naye hushika njia yake kuelekea Afrika. Kwa miezi hawaonani. Kinachowakutanisha tena ni kile kiota tu.

Juni 2012 mvua na upepo vilipiga bonde lile mfululizo. Nora aliwafunika makinda kwa mbawa zake, lakini uvuvi ulikuwa mgumu na chakula kikapungua. Wawili walikufa. Wa tatu alishushwa na wahudumu wa hifadhi, wakamlisha samaki, wakamrudisha kwa mama yake. Aliitwa Ceulan, akafungwa kifaa cha setilaiti mgongoni. Aliondoka bila baba wala mama wa kumwonyesha njia, akafika Afrika Magharibi salama, na huko akanasa katika wavu wa mvuvi, akafa. Hakutimiza mwaka. Simlaumu mvuvi: wote wawili walikuwa wakitafuta samaki walewale.

Mwaka 2013 Monty alirudi. Nora hakurudi. Akaja Glesni, wakalea pamoja miaka mitano. Mwaka 2018 Glesni naye hakuonekana, akaja Telyn. Mwaka 2020 Telyn alirudi kiotani, na safari hii aliyekosekana ni Monty. Nafasi yake ikachukuliwa na Idris.

Ni rahisi kumwita msaliti anayepata mwenza mpya upesi hivyo. Mimi sioni usaliti. Mayai hukaliwa kwa wiki tano na zaidi, makinda hukaa kiotani kama wiki saba kabla ya kuruka, na baridi haimngoji mtu. Furukombe anayengoja mno hupoteza mwaka mzima.

Uzito wa kungoja unawaangukia watazamaji. Watu wa pwani wanaujua. Mume ametoka na ngalawa, kusi limevuma, chombo hakikurudi. Mkewe hana maiti ya kuzika; hawezi kuweka matanga wala kuyaanua, na eda haina siku ya kuanzia. Kila anayebisha hodi anamshtua. Anayezika hulia, kisha siku moja akanyamaza. Huyu anaona haya hata kulia, asije akaonekana anamwombea mumewe kifo.

Ndiyo maana, katika misiba ya walioondoka kiota kile wasirudi, wa Ceulan naona ulikuwa mwepesi kuliko mingine, ingawa alikuwa mchanga kuliko wote. Kifaa kilionyesha alipo, mzoga ukaonekana, habari ikafika Wales. Waliomlisha kwa mikono yao walijua wanamlilia nani. Nora na Glesni walikuwa na pete zenye namba miguuni, kwa hiyo tumaini la habari lilibaki, hata kama dogo. Monty hakuwa na pete. Hata kama mtu alimkuta amekufa ufukweni, hakuwa na namna ya kujua kwamba huyu ndiye aliyengojwa na maelfu ya watu.

Furukombe hufika kwetu Afrika Mashariki pia, hori la Mida pwani ya Kenya, Ziwa Victoria na kwingineko, hasa kati ya Oktoba na Aprili. Ukimwokota ndege aliyekufa, mtazame miguu kabla ya kumtupa. Ukikuta pete, nakili namba na maandishi yake, uandike mahali na tarehe, upeleke habari ofisi ya wanyamapori iliyo karibu nawe. Kuna mtu anaisubiri.