Shikamoo Isiyoitikiwa

Kwa takriban miaka miwili shangazi yangu hakuitikia shikamoo yangu. Nilikuwa nikiingia jikoni kwake, kule milimani Njombe, namkuta ameinamia moto, sweta juu ya kitenge, na salamu yangu inapotelea kwenye moshi. Nyumbani tulishatoa hukumu. Mama alisema wifi yake ana kinyongo cha shamba. Binamu zangu walisema ni uzee. Mimi niliyelelewa mikononi mwake niliumia, nikanuna. Siku moja niliondoka bila kumuaga, nikajiona nimemlipa.

Dalili zote zilikuwa mbele ya macho yetu. Alisikia baridi kupita kiasi, lakini Njombe mwezi wa Juni nani hasikii baridi? Alichoka upesi, uso ulivimba asubuhi, sauti ilikwaruza kama ya mtu mwenye mafua yasiyokwisha. Na shingoni alikuwa na rovu tangu usichana wake. Tulilizoea hata hatukuliona tena. Wanawake wengi wa rika lake walikuwa nalo, wakilifunika kwa mtandio.

Hatimaye tulipompeleka hospitali kwa kutosikia, daktari aliyemwona hakuanza na masikio. Alimpapasa shingo, kisha akaagiza damu ipimwe. Tezi ya dundumio, ile yenye umbo la kipepeo iliyo mbele ya koo, ilikuwa haitoi homoni ya kutosha. Homoni hiyo ikipungua, mwili mzima hupunguza mwendo: moyo, matumbo, hata fikra. Sikio nalo halisalimiki. Njia inayounganisha sikio la kati na koo yaweza kuvimba ikaziba, na sikio la ndani, ambalo hutumia nguvu nyingi kuliko tunavyodhani, likazorota. Sikuwahi kuwaza kwamba sikio laweza kuugulia shingoni.

Rovu lenyewe lina historia yake kwetu. Kwa karne nyingi mvua zimeikomba iodini, tunayoiita madini joto, kutoka kwenye udongo wa milimani, na chakula kinachoota humo hakina ya kutosha kwa tezi kutengeneza homoni yake, nayo huvimba ikawa rovu. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku. Lakini sikio la mtoto aliye tumboni hujengwa kwa msaada wa homoni ya tezi hiyo, na miezi ya mwanzo mtoto huyo hana homoni yake mwenyewe. Hutegemea ya mama. Mama akipungukiwa sana, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi. Miaka ya 1980 watu wa Nyanda za Juu Kusini waligawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na katikati ya miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi itiwe madini hayo. Chumvi! Kitu cha kununua dukani kwa senti. Nawafikiria akina mama wa kabla ya hapo waliojifungua watoto wasiosikia, wakaulizwa wamemkosea nani, wakatafutiwa mchawi, na hakuna aliyewatazama shingo.

Shangazi alipewa kidonge cha kumeza kila asubuhi kabla ya chai, na atakimeza maisha yake yote. Miezi ilipita. Uvimbe wa uso ulishuka, sauti ikarudi, akaanza tena kwenda shambani. Sikio la kulia lilifunguka kiasi. La kushoto halikurudi, nasi tulielezwa kwamba si kila kilichopotea hurejeshwa na dawa. Ile miaka miwili ya kununa inanirudia kila nikilikumbuka sikio hilo.

Desemba iliyopita nilizunguka moto, nikachuchumaa mbele yake mpaka akaniona, ndipo nikasema shikamoo. Akaitika. Nikamwomba radhi kwa siku ile niliyoondoka bila kuaga. Alinyamaza kidogo, akigeuza kuni.

“Mwanangu,” alisema, “nilikuwa naona midomo yenu ikicheza. Nikadhani mnanong'ona makusudi, nisisikie.”