Ulaini wa Risasi

Kiswahili kina jina moja kwa vitu viwili. Madini laini, mazito, ya rangi ya majivu, ambayo wavuvi huyafunga katika nyavu zao ili zizame, huitwa risasi; na kitonge kinachoruka kutoka katika mtutu wa bunduki huitwa risasi vile vile. Jina lilitoka katika Kiarabu, na huko nako maana yake ya kwanza ni madini. Watu huiogopa risasi ya pili hata wakasahau kuwa ndiyo ile ya kwanza. Kitu kiwezacho kuvunja mfupa hukwaruzwa na ukucha.

Usahaulifu huu una gharama kwa mtu ajazaye viasi vya bunduki kwa mkono wake mwenyewe, kama wafanyavyo wawindaji na walenga shabaha wengi nchini Marekani. Kiasi kimoja kina sehemu nne: ganda la shaba ya manjano, fataki, baruti na risasi. Bunduki ikilia, ganda peke yake hubaki zima. Fundi huliokota, huitoa fataki iliyokwisha, hulirudisha ganda katika umbo lake, hutia fataki mpya na hupima baruti kwa mizani. Mwisho huiweka risasi mdomoni mwa ganda na kuisukuma ndani kwa wenzo wa mtambo. Kazi za awali hufanywa kwa hadhari kubwa, maana baruti haina masihara. Kazi ya mwisho huonekana nyepesi kwa sababu ni mvuto mmoja tu wa mkono. Walakini ndipo mahali risasi njema nyingi huharibikia.

Huharibika kwa njia nne. Kwanza, chuma kinachoisukuma huenda kisilingane na kichwa chake; kikigusa ncha peke yake, ncha hubonyea au hupata alama ya duara. Pili, ukingo wa mdomo wa ganda ukiwa mkali na mwembamba, huichonga risasi ubavuni kama randa ichongavyo ubao. Tatu, shingo ya ganda ikiwa nyembamba mno, shaba huishinda risasi kwa ugumu, ikaikaba na kuipunguza unene kabla haijaonja moto. Nne, fundi akiubana mdomo wa ganda wakati ule ule risasi ingali inashuka, ukingo huzama katika mwili wake na kuukunja.

Dawa ya maovu haya ni ulingano, wala si nguvu. Chuma cha kusukumia huchimbwa kwa umbo la kichwa cha risasi, ili kikamate mabega yake badala ya ncha. Mdomo wa ganda hukwanguliwa makali kwa ndani, kisha hupanuliwa kidogo sana, kiasi cha kuiruhusu risasi kusimama wima bila ya kushikwa. Shingo hutanuliwa kwa kipimo cha risasi ya madini matupu, ambayo aghalabu ni nene kidogo kuliko risasi iliyovikwa shaba. Risasi husukumwa nusu ya safari, ganda likazungushwa, ndipo ikamalizwa. Kubana mdomo huachwa kuwa kazi ya peke yake. Kina nacho hupimwa, kwa kuwa risasi ikizama kupita kiasi, hasa katika kiasi cha bastola, nafasi ya baruti hupungua na nguvu ya mlipuko huzidi ile iliyokusudiwa. Hasara hapo si ya shabaha tu, bali yaweza kuwa ya jicho au mkono.

Mtu aliyeitafuta siri ya jambo hili kwa uvumilivu wa ajabu alikuwa Franklin W. Mann wa Milford, Massachusetts, aliyezaliwa mwaka 1856 na kufa mwaka 1916. Alisomea utabibu, lakini swali moja lilimshika hata likawa maisha yake: kwa nini risasi mbili za bunduki moja, zilizojazwa kwa baruti ile ile, hazipiti tundu moja? Aliufunga mtutu katika egemeo zito ili mkono wa mtu usipate lawama, akatandaza karatasi katika njia ya risasi, akasoma matundu yake kama mwanachuoni asomavyo maandishi. Kisha alizijeruhi risasi kwa makusudi, nyingine kichwani na nyingine kitakoni, akazipiga. Majaribio yake ya miongo kadhaa aliyakusanya katika kitabu kilichotoka mwaka 1909.

Jawabu lake liliaibisha macho. Risasi iliyoharibiwa ncha ilipotoka kidogo. Iliyoharibiwa kitako ilipotoka sana. Sababu yake si uchawi. Kitako ndicho sehemu ya mwisho kuuaga mtutu. Ukingo wake ukiwa na pengo upande mmoja, hewa ya moto huponyoka upande huo kabla ya mwingine, ikaisukuma risasi kombo wakati wa kuagana. Kosa lililo dogo kama unywele hukua kwa kila hatua ya mwendo. Mlenga shabaha hupoteza alama. Mwindaji humjeruhi mnyama badala ya kumwua, na mnyama hubeba maumivu hayo porini.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo huusifu ulaini kwa kuwa hukubali kufundwa. Lakini ulaini hauchagui mkono. Hupokea alama ya mwenye maarifa na ya mwenye pupa kwa utii ule ule. Mtoto anayetiwa shuleni na kijana anayetiwa kazini hukazwa mahali pao kwa namna hii. Wakubwa hukagua ncha, yaani kile kinachoonekana: mavazi, salamu, matokeo ya mtihani. Mahali penyewe palipowakaba hapakaguliwi, kwa kuwa pamejificha ndani ya ganda.

Fundi mwaminifu ana njia ya kukagua. Huchukua ganda lisilo na fataki wala baruti, hukaza risasi ndani yake, kisha huitoa tena na kuipima. Ikiwa iliingia na unene wa inchi 0.358 ikatoka na 0.355, hailaumu risasi kwa udhaifu. Huirudisha katika chungu cha kuyeyushia, kisha hugeuka kuitengeneza shingo iliyoikaba.